Kutosha direksio ya mafuta mu gari kwa nyumba: kukata kuruwa peke haiko kazi

Bandugu, hapa Goma ukifungua kapo ya Corolla ao Starlet ya zamani, mara mingi utakuta pompi ya direksio (ile yenye kusukuma mafuta ili volan ikuwe nyepesi) iko pale lakini kuruwa, ule mukanda wa mpira wenye kuizungusha, haiko. Mwenye gari aliona mafuta inavuja, akachoka kununua litri kila mara, akakata kuruwa kwa kisu na anasema ashatosha direksio. Hajatosha kitu. Ile kremayeri (chuma ndefu yenye meno mu bomba yake, yenye kusukuma pine kuume na kushoto) iko na pistoni ndani, na pistoni inatembea mu mafuta, sasa ukizungusha volan bila pompi kusaidia, mikono yako njo inasukuma ile mafuta ipite mu batiyo nyembamba mpaka mu pompi yenye imelala. Volan inakuwa nzito kupita gari yenye ilitoka kiwandani bila pompi. Tena mafuta ikiisha yote kwa kuvuja, ndani inabaki kavu, chuma inasuguana na chuma. Kwa hiyo kazi ya kweli haiko kutosha pompi, ni kufanya kremayeri itembee bure bila kitu cha kuizuia. Kamata hiyo mu kichwa, ingine yote ni kufungua na kufunga baboloni.

Mbele ya kushika kle, ujiulize kama kweli unaihitaji. Kwetu sababu ya kuvuja inajulikana: njia mingi za mu kartie ni mawe ya volkano Nyiragongo, ile ya 2002 ilipita mukati ya mji mpaka mu ziwa, na gari zinatembea juu yake mpaka leo. Jiwe inapiga kremayeri kutoka chini, sufle inapasuka (ile mpira yenye mikunjo ku ncha zote mbili), vumbi nyeusi inaingia, na ile vumbi ni sawa msasa, inakula mpira za kuziba mafuta pole pole. Lakini kama kwako kinavuja ni tiyo ya presio tu, peleka kwa wale banatengeneza batiyo za mashini, bakubanie mpya ku ncha zako za zamani, utatoka nafuu kuliko kazi hii yote. Kama ni pompi inalia, angalia kwanza kama mafuta haijapunguka na hewa kuingia. Mi naona kutosha yote ni ya mutu mwenye kremayeri yake inavuja pande zote mbili na ile ya okazio alinunua ikavuja pia.

Na uzito wa gari. Starlet EP82 iko karibu na kilo 800, Corolla 110 iko karibu na tani moja, hizo mutu anaziweza. Noah, Hilux, Prado, achana nazo. Gari ya taksi yenye kugeuka kutwa nzima, mimi singeifanyia. Wa Bukavu wenye kupanda Kadutu kila asubuhi na zile kona zake, mujipime mikono kwanza. Kama bibi yako ao mama anaendesha ile gari pia, muulize mbele ya kuanza, juu kiisha kufungua ni maneno mengine.

Hatua ya 1: ujue direksio yako ni ya aina gani

Fungua kapo, tafuta rezervwari ndogo ya mafuta ya direksio. Ukikuta, na tiyo zinashuka ku pompi yenye kuzungushwa na kuruwa, tuko pamoja. Ukikosa, gari yako ni ya moteri ya umeme, sawa Vitz na zingine mingi za rika yake, na mwongozo huu hauko wako, funga kapo. Ile ya umeme ikikufa, tafuta shida yake mu waya na mu kompyuta yake, usianze kuchomoa chuma.

Hatua ya 2: jaribu uzito

Regeza kuruwa ya pompi, itoshe, kisha endesha pole pole fasi tambarare yenye haina watu wala pikipiki. Usipite mu barabara kubwa. Nilisema hapo juu kama hii ni nzito kupita matokeo ya mwisho, njo maana ni kipimo kizuri: ukiweza kuparka hivi, utaweza kiisha kazi. Ukishindwa kabisa, rudisha kuruwa, hujaharibu kitu.

Angalia pia kuruwa yenyewe. Mu Toyota mingi za miaka ya 90 pompi iko na kuruwa yake, lakini zingine inashirikiana na klima, ao kuruwa moja inazungusha vyote mpaka altenateri. Fuata kwa macho, usiamini maneno ya jirani. Kama inashirikiana, utahitaji kuruwa fupi, na unapima njia yake mupya kwa kamba. Namba ya ku kuruwa inasomeka hivi: 4PK880 maana yake mistari 4 na urefu wa milimita 880. Hakikisha kama njia mpya haigusi kitu na kama kuko namna ya kuikaza. Kama ile kuruwa inazungusha pompi ya maji pia, usiwashe moteri bila yo, itachemka.

Hatua ya 3: kuinua gari

Hapa nitakawia kidogo. Palsele mingi za Goma ziko na mawe mabaya chini, kriki inateleza, weka ubao mupana chini yake. Regeza ekru za pine gari ikingali chini, inua mbele, tegemeza na shandele (miguu ya chuma) pande mbili, ao vigogo vizito vya mukaratusi vyenye vimekatwa sawasawa. Jiwe ya volkano HAPANA. Iko na matundu ndani, unaona ni ngumu lakini ikibeba uzito fasi moja inavunjika ghafla, na wewe uko chini. Kriki peke yake pia hapana, hata kwa dakika moja. Ziba pine za nyuma, vuta freni ya mukono, chomoa batri ku negatifu.

Kisha panga pine zote mbele sawa na ufunge volan kwa kamba ao kwa mukaba wa siti isizunguke. Kama iko na airbagi, chini ya volan kuko waya yenye kujizungusha, ukiachia volan izunguke hovyo wakati kremayeri imeachana nayo, ile waya inakatika.

Hatua ya 4: kutosha mafuta

Weka beseni chini, chomoa tiyo ya kurudisha ku rezervwari (ile laini yenye kubanwa na kolye), ielekeze mu beseni. Tosha mafuta ya rezervwari, fungua volan kidogo, zungusha kuume na kushoto pole pole moteri ikiwa imezimwa, mpaka mafuta inaacha kuja. Ku Toyota za ile rika ni mafuta ya bwati otomatiki, Dexron, nyekundu kama mpya na nyeusi kama imechoka. Iweke mu bido, usimwage mu mawe, hapa kila kitu unamwaga kinashuka na ziwa haiko mbali.

Hatua ya 5: pompi

Ku hizi Toyota upande wa kuruwa ni wa kuume ukikaa mu gari ukiangalia mbele, na kwa zetu za volan kuume kila kitu kinabanana pale pale. Tosha pine ya kuume na mpira ya kufunika, utapata fasi ya mukono. Boloni zenye kushika pompi mara mingi ni za kle ya 12 na 14, tiyo ya presio iko na boloni kubwa yenye tundu. Regeza hiyo ya presio pompi ikingali imefungwa, ukisha kutosha pompi haukamati tena.

Sasa, kitu chenye bamekanisie bengi banasahau. Ku pompi ya Toyota mingi kuko kavalvu kadogo na tiyo mbili nyembamba za hewa. Kazi yake ni kupandisha ralanti (mwendo wa moteri bila kukanyaga gazi) kidogo wakati unageuza volan, moteri isizimike. Ukitosha pompi ukaachia zile tiyo wazi, moteri inavuta hewa ya wizi, ralanti inapanda na kushuka, na utaanza kusafisha karburateri na kubadilisha buji bure. Ziba zote mbili, kwa kizibo cha mpira na kolye, ku chanzo kabisa, isikuwe kipande cha mti. Gari zingine ziko na waya moja ya kontakti badala ya tiyo, hiyo chomoa, funga na tepu, ifungie mbali na ekzosi.

Kishikizo cha pompi, angalia kama boloni zake hazishiki kitu kingine cha moteri. Kama zinashika, acha pale. Kina uzito gani?

Hatua ya 6: kremayeri, fasi ya kazi yenyewe

Kitu cha kwanza: usizibe matundu ya kremayeri. Bantu banaona tundu mbili zimebaki wazi, banapiga vizibo ili vumbi isiingie. Kama mafuta ilibaki ndani haina fasi ya kwenda, na volan inaweza kukataa kugeuka mu kona. Huko ni kutafuta kifo.

Namna ya haraka ni kuunganisha tundu ya presio na ile ya kurudi kwa tiyo moja fupi ya mafuta, yenye ncha za kweli za kufungia, na kuacha mafuta kidogo ndani ya kulainisha. Inasaidia, lakini mafuta na hewa bado vinapita mu njia nyembamba, kwa hiyo uzito hauishi. Ni ya kukufikisha mpaka upate wakati.

Namna nzuri ni kremayeri ya gari ya aina ile ile yenye ilitengenezwa bila pompi. Corolla na Starlet za bei ya chini zilikuwa nazo. Meno yake ni tofauti, unazungusha volan mara mingi zaidi kutoka kona moja mpaka ingine, lakini kwa nguvu kidogo. Ukiipata okazio yenye haichezi, kamata hiyo, usibishane bei sana.

Ukikosa, fungua yako. Weka alama kwa rangi ku fasi mhimili wa volan unaingia ku kremayeri, hesabu mizunguko wakati unatosha rotili za nje (viungo vyenye kushikanisha kremayeri na pine) na uandike. Rotili ikikataa kutoka, piga nyundo ku ubavu wa chuma yenye imeishika, usipige ku uzi wa ekru. Kwa gari zingine lazima kushusha traverse (chuma kubwa ya chini yenye kremayeri imefungwa) kidogo ili kremayeri itoke, hapo itana mutu wa pili. Mezani: tosha sufle, rotili za ndani, regeza ile ekru kubwa yenye kusukuma chuma ku meno (weka alama ilikuwa wapi!), tosha pinyo (gia ndogo yenye kuzungushwa na volan), kisha kizibo cha ncha, vuta mti wenyewe, ile chuma ndefu yenye meno. Mukati utaona pistoni na pete yake. Kata hiyo pete, itoshe, pistoni iache. Osha yote, kausha, paka grisi ku meno na ku mti mzima, zaidi ule upande ulikuwa unalainishwa na mafuta. Rudisha, na ku batiyo mbili ndogo za chuma zenye kutoka ku pinyo kwenda ku silinda (bomba yenye pistoni inatembea ndani), zitoshe na uunganishe tundu mbili za silinda kwa tiyo moja, hewa ipite upande na upande. Ile ekru kubwa rudisha ku alama yake. Ukiikaza kupita, volan haitarudi yenyewe kiisha kona.

Utasikia volan inacheza kidogo mbele ya pine kufuata. Ni chuma nyembamba ndani ya pinyo, inajipinda kwanza. Bantu ba mashindano banaisude. Mi sikubali kwa gari ya kutembea njiani, moto wa kusude unaharibu ugumu wa chuma, na ikikatika hauna volan.

Hatua ya 7: kufunga na kujaribu

Sufle mpya, lazima. Gupi (kapini kenye kuzuia ekru isifunguke) mpya ku rotili, usirudishe ya zamani. Ekru za pine Toyota inaomba 103 Nm, kama hauna kle ya kupima, kaza kwa msalaba gari ikiwa chini. Zungusha volan kuume na kushoto mara kadhaa mbele ya kuwasha, usikie kama kuko fasi inakwama. Kisha enda moja kwa moja kupima paralelisme (kama pine za mbele zinaangalia sawasawa), kuhesabu mizunguko ya rotili ni ya kukufikisha pale tu.

Kiisha hapo, pompa pine za mbele vizuri kwa kipimo cha gari, weka pine nyembamba kama uko nazo pana, na ujifunze kugeuza volan gari ikiwa inasonga, hata kidogo. Mafuta ya esanse haitapunguka sana, mwenye alikuahidi hiyo alikudanganya. Kiisha siku chache za mawe ingia chini tena, kaza boloni za kremayeri na uangalie sufle. Pompi kama ilikuwa nzima usiitupe: ziba matundu yake, iweke na tiyo zake, kuko mutu wa Corolla anaitafuta.