Somo: ED imekukataa? Yafanye haya kabla ya Januari

Majibu ya ED, yale maombi ya mapema yenye sharti la kwenda chuoni humo ukichaguliwa, hutoka katikati ya Desemba. Maombi ya kawaida ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa siku za mwanzo za Januari. Mdogo wangu, lia leo. Kesho tuanze kazi.

Hatua ya 1. Soma barua vizuri. Aliyekataliwa haombi tena chuo hicho mwaka huu. Aliyeahirishwa anahamishiwa kundi la kawaida, majibu yake huja mwishoni mwa Machi, na sharti la ED limekwisha.

Hatua ya 2. Mtafute mwalimu anayesimamia maombi yako kabla hajasafiri kwenda kwao Krismasi. Barua za mapendekezo zilizopakiwa Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, haziandikwi upya. Unawapangia walimu wale wale kila chuo unachoongeza.

Hatua ya 3. Panga orodha upya kwa kuanzia na fedha. Hapa tulia, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Kwa mwombaji wa nje, vyuo vingi huangalia uwezo wa familia vinapoamua kukuchukua au kukuacha. Vichache haviangalii: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao. Ndiyo maana dunia nzima inajazana huko. Kuviomba vyote kwa uchungu wa Desemba ni kurudi kwenye mlango ule ule. Chukua viwili. Nafasi zilizobaki zipeleke kwenye vyuo vinavyoangalia uwezo lakini vikikuchukua vinaziba pengo lote la ada, kama Macalester na Carleton kule Minnesota, Bates kule Maine, au Vassar. Majina haya mjomba wako hayajui. Yeye si atakayesoma.

Common App inaruhusu vyuo 20. Usivijaze, insha zako zitachoka.

Hatua ya 4. Fikiria ED II, yaani awamu ya pili ya ED. Vyuo vyote vinne nilivyotaja mwisho vinayo. Hufungwa Januari, majibu Februari, na sharti ni lile lile. Itumie kama chuo unakipenda kweli na wazazi wamekaa chini wakataja kiasi wanachoweza kulipa. Msaada ukitoka mdogo, kinachobaki kikazidi uwezo wenu, unaweza kuomba kuachiwa.

Hatua ya 5. Insha kuu ya maneno 650 usiichane, kwa sababu barua ya kukataliwa haisemi kosa lilikuwa wapi. Mpe mtu mmoja makini aisome. Nguvu zako ziende kwenye zile za "kwa nini chuo hiki". Ukibadilisha jina la chuo na aya ikabaki kweli, hiyo ifute.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nimeahirishwa. Naruhusiwa ED II kwingine?
Marahaba. Unaruhusiwa. Ila ukichukuliwa Februari unatakiwa kuondoa maombi mengine yote, hata ya chuo kilichokuahirisha. Jiulize kwanza kama uko tayari kukiacha.

Nirudie SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani?
Kwa maombi haya muda umekwisha. Mtihani unaofuata ni Machi. Harvard na MIT wanaidai, vyuo vingi bado hawailazimishi. Alama ikiwa chini ya kawaida ya chuo kisichoilazimisha, usiitume.

Kaka, baba ana duka Kariakoo, hana hati ya mshahara. CSS Profile, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha, naijazaje?
Kaa naye jioni moja, mpige hesabu ya mwaka: mauzo, mzigo, pango, kodi. Andika kiasi halisi kinachobaki, hata kama unakionea aibu. Ambatisha makadirio ya TRA kama yapo, na barua fupi inayoeleza biashara inavyokwenda. Ada ya CSS ikiwashinda, iandikie ofisi ya msaada wa fedha ya chuo sasa hivi uombe msamaha, na uulize kama badala yake wanapokea ISFAA, fomu ya msaada ya waombaji wa nje, ambayo ni bure. Usingoje tarehe 30, ofisi nyingi zitakuwa zimefungwa.