SOMO: Uwakili wa kununua na kusambaza filamu, hatua kwa hatua

Wakuu, habari za leo. Juzi nilitaja hapa kwamba nafanya kazi ya kuwanunulia wasambazaji filamu, watu wakaanza kuniuliza duka langu liko upande gani wa soko la Majengo hapa Dodoma. Sina duka. Mimi ni wakili, ofisi yangu ni chumba kimoja Area D, na ninachonunua ni haki. Naandika kwa ajili yenu mnaosoma sheria pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mkidhani njia ni mbili tu, mahakamani au wizarani.

Hatua ya 1. Shahada, kisha Shule ya Sheria, kisha kuapishwa. Ukiishia kwenye shahada utakuwa afisa sheria wa kampuni, nayo si mbaya.

Hatua ya 2. Soma sheria mbili mpaka kurasa zilegee: ya Hakimiliki na Hakishiriki (haki za watu kama waigizaji na waliorekodi sauti) ya 1999, na ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Ya kwanza inasema mwenye mali ni nani, ya pili inahusu ruhusa ya kuionyesha. Kuna watayarishaji hunipungia kibali cha Bodi ya Filamu kana kwamba ni hati ya nyumba. Kibali si umiliki. Na kwa kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, hakimiliki haisubiri usajili. Cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ni ushahidi wako siku ya ugomvi.

Hatua ya 3. Fuata mnyororo wa umiliki. Hapa ndipo mshahara wako ulipo. Aliyeandika hadithi amesaini kumpa mtayarishaji? Mwongozaji je? Waigizaji? Aliyetunga muziki, na aliyeurekodi? Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha filamu iliyopigwa Bahi. Nilikagua kila kitu isipokuwa mzee mmoja aliyeimba na zeze dakika mbili, karibu na mwisho. Mnunuzi wa nje akaomba karatasi ya wimbo ule. Haikuwepo. Tukamfuata mzee kijijini, naye akatuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tumemkumbuka baada ya kusikia harufu ya hela. Alilipwa vizuri, ila mnunuzi alishaondoka. Siku hizi naitazama filamu mara mbili: mara moja kama mtu, mara ya pili nikiwa na kalamu, naandika kila sura na kila sauti.

Hatua ya 4. Ukikuta "haki zote", livunje. Enzi za CD msanii "aliuza masta": anapokea fungu moja, anaondoka, filamu si yake tena. Wewe uliza: haki za nchi zipi? Kwa miaka mingapi? Ukumbini, kwenye televisheni, mtandaoni, ndani ya ndege? Lugha zipi? Kila jibu lina bei yake. Hata ukiwa upande wa mnunuzi, usinunue usichoweza kukiuza. Mteja wangu hana biashara Brazili, alipie Brazili ya nini?

Hatua ya 5. Jua hesabu. Tuseme msambazaji amempa mtayarishaji kianzio, yaani malipo ya awali, cha milioni 5, na filamu imeingiza milioni 20. Msambazaji anakata kamisheni ya asilimia 30, yaani milioni 6. Zinabaki 14. Anakata gharama za matangazo na kadhalika, milioni 8. Zinabaki 6. Anajirudishia kianzio chake, 5. Mtayarishaji anaongezewa milioni 1. Sasa gharama zikiandikwa 13 badala ya 8, haongezewi hata senti. Ndiyo maana mtayarishaji akiwa mteja wangu sibishani sana kuhusu asilimia. Nabishana kuhusu kikomo cha gharama, na haki ya kukagua vitabu.

Hatua ya 6. Nenda zinakouzwa. Tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar, soko la filamu la Durban FilmMart kule Afrika Kusini ukipata nauli. Kaa, sikiliza, kusanya namba za simu.

MASWALI

Mwanafunzi, Chimwaga: Shikamoo wakili. Lazima nihamie Dar?
— Marahaba, mdogo wangu. Mikataba inakuja kwa barua pepe. Kikao kikiwa lazima napanda treni ya SGR asubuhi, usiku nalala kwangu.

Mwenye kibanda umiza, Kondoa: Naonyesha filamu za nje zilizotafsiriwa na ma-DJ. Aliyetafsiri ameniruhusu, kuna shida?
— Ipo, kaka. Kutafsiri kwenyewe kunahitaji ruhusa ya mwenye filamu, na kuonyesha kwa kiingilio ni ruhusa nyingine. DJ hawezi kukupa asichokuwa nacho. Anza na filamu za hapa nyumbani. Watayarishaji wengi watakubali mgawane kiingilio, ila muandikiane.

Mama mtayarishaji, Singida: Niliuza masta 2009, mkataba siuoni. Sasa kuna anayeitaka filamu kwa ajili ya mtandaoni. Nisaini?
— Bado, mama yangu. Kuhamisha haki kunatakiwa kuwe kwa maandishi, kwa hiyo tujue kwanza uliandika nini. Kama ulisaini kuthibitisha tu kwamba umepokea hela, una nafasi nzuri. Tafuta mpaka kwenye risiti: nimewahi kukuta mkataba mzima mistari minne, umeandikwa kwa mkono nyuma ya risiti ya malipo. Ukiipata, nitumie picha ya pande zote mbili.