Jinsi ya kuchimba asili ya kitenzi cha Kiingereza: mfano wa "warn"

Wanaokuja kujifunza tafsiri kwangu huwa tayari wanajua kwamba "warn" ni kuonya. Hawajakosea. Ila wape taarifa ya hali ya hewa, barua ya mwajiri na hukumu ya mahakama, kila moja ikiwa na "warn" yake, uone jibu hilo moja linavyoanza kupwaya. Njia ninayoitumia kulitatua ni kulifuata neno hadi kwao: lilizaliwa wapi, lina ndugu gani, na maana ipi lilikuwa nayo kabla halijafika mezani kwangu. Utahitaji simu yenye intaneti, daftari na subira kidogo. Kilatini hakihitajiki.

Hatua ya 1: Kusanya matumizi kabla ya kugusa historia

Wengi hukimbilia asili ya neno wakati hata matumizi yake ya leo hawajayapanga. Andika kwanza sentensi chache zinazotofautiana:

- The doctor warned him about his blood pressure.
- They warned us not to swim there.
- The radio warned of floods.
- She warned against trusting strangers.
- I'm warning you!

Angalia kinachofuata kitenzi. Mara nyingi anatajwa kwanza mtu anayeonywa, kisha jambo lenyewe, nalo huingia kwa "about", "of", "against", "that" au "not to". Hapo kwenye "not to" pana shimo. Kwa Kiswahili tunasema "alimkataza kuogelea", na mwanafunzi akibeba mpangilio huo kwenda kwenye "warn" anaandika "he warned him to swim", yaani alimwonya aogelee! Ukanushi lazima uonekane: "warned him not to swim", au "warned him against swimming".

Upande wa pili wa shimo hilohilo ndiko wanakoanguka watafsiri wa habari. "Warned against" imezaa "alionya dhidi ya", na siku hizi hupiti taarifa mbili bila kukutana nayo: waziri ameonya dhidi ya kukata miti, daktari ameonya dhidi ya kunywa dawa ovyo. Inaeleweka, sikatai, lakini ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili hubeba ukanushi ndani ya kitenzi kinachofuata na hakihitaji kihusishi cha kukisaidia: waziri amewaonya wananchi wasikate miti. Sentensi inakuwa fupi, na anayeonywa anajulikana ni nani.

Matamshi nayo yamalize hapahapa. Neno hili halina irabu ya "barn". Ile "w" ya mwanzo huivuta "a" kuelekea "o", kama ilivyo katika "war", "warm" na "ward". Kwa Waingereza wengi "warn" na "worn" husikika sawasawa kabisa.

Hatua ya 2: Fungua vyanzo vitatu, na ujifunze kusoma nyota

Vinavyotosha, tena bila malipo, ni Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno iliyoanzishwa na Douglas Harper. Wiktionary, ambayo huonyesha sehemu ya asili juu ya maana. Na kamusi ya Kiingereza cha Kale ya Bosworth na Toller, inayohifadhiwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Charles cha Prague. Oxford English Dictionary inazishinda zote kwa kina, lakini ni ya kulipia. Kama maktaba ya chuo chenu imejiunga nayo, itumie mpaka wachoke na wewe.

Tafuta "warn". Utapelekwa kwenye "warnian" ya Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Hapo soma polepole, maana kitenzi hicho kilikuwa na pande mbili. Upande mmoja kilimaanisha kumjulisha mwingine kwamba hatari inakuja. Upande mwingine, bila kumgusa mtu, kilimaanisha kujihadhari mwenyewe, kuwa macho. Kijerumani kina "warnen" hadi leo, ndugu wa karibu. Ukienda Kijerumani cha Juu cha Kale, babu wa Kijerumani cha leo, unaukuta upande ule wa pili, wa kukaa chonjo.

Ukizidi kupanda utaona maneno yenye nyota mbele, mfano *warnōną. Nyota ina maana kwamba neno hilo halijakutwa limeandikwa popote. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana nalo, vilevile wanavyofanya wataalamu wa Kibantu wanapoweka ona yetu kando ya bona ya Kizulu na kubona ya Kinyarwanda, kisha wakakisia sauti ya babu yao wote. Kwa hiyo neno lenye nyota likubali kama hitimisho la kitaalamu. Usije ukaliandika kana kwamba umeliona kwenye hati ya kale.

Hatua ya 3: Chora ukoo

Katikati ya ukurasa wa daftari andika "war-" na pembeni yake: kuwa macho, kulinda. Mzizi wa mbali zaidi, ule wa Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India, huandikwa *wer-. Ila mizizi yenye umbo hilo ni mingi na hupewa namba, na kamusi moja inaweza kuufasiri wetu kwa "kufunika" na nyingine kwa "kuangalia". Usipoteze mchana hapo. Ulinzi na uangalizi vinatosha kukuongoza.

Sasa weka ndugu wa damu: "aware", anayetambua kilichopo, "wary", mwenye hadhari, "beware", ambalo ni maneno mawili yaliyogandana, "be" na "ware", yaani uwe macho. Ongeza "ward", ulinzi au anayelindwa, lililotokana na "weard", mlinzi. Huyo "weard" amejificha mahali ambapo hungemtafuta. "Lord" lilikuwa "hlafweard", mlinzi wa mkate. Na jina Edward, ambalo Watanzania wanalikumbuka kwa waziri mkuu Edward Moringe Sokoine, ni "ead", mali au neema, pamoja na mlinzi huyohuyo.

Hatua ya 4: Vuka kwenda Ufaransa, kisha rudi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa hiyo nitakaa.

Wafaransa wa kale waliyapokea maneno mengi ya jamii ya lugha za Kijerumani kutoka kwa Wafranki, watu waliotawala nchi hiyo baada ya dola ya Kirumi. Sauti "w" ya mwanzo wa neno iliwashinda, wakaitamka "gu", baadaye "g". Wanormani wa kaskazini, wao, walibaki na "w". Kiingereza kikakopa kwa makundi yote mawili kwa nyakati tofauti, na ndiyo maana kina mapacha: "warranty" na "guarantee", "warden" na "guardian". Hata William wa Kiingereza ni Guillaume wa Kifaransa. Ukishaishika kanuni hii, kila neno linaloanza na "ga" au "gua" lenye harufu ya ulinzi lipime kwa kurudisha "w".

Jaribu kwa "garnish". Leo ni majani ya giligilani na kipande cha limau juu ya sahani. Lakini limetoka kwenye "garnir" ya Kifaransa, na "garnir" imetoka kwenye neno la Kifranki linalolingana na "warn". Safari yenyewe ina mantiki: aliyeonywa hujiandaa, kujiandaa ni kuijaza ngome silaha na chakula, kujaza vifaa kukawa kupamba, mapambo yakaishia jikoni.

Maana ya zamani haikufa, ilihamia mahakamani. Anayefuatilia kesi za madeni Kenya atakuwa amesikia "garnishee", utaratibu uliomo katika Amri ya 23 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010. Tuseme umeshinda kesi dhidi ya mdeni wako, naye ana fedha benki. Mahakama inaiandikia benki kwamba fedha hizo isimpe mteja wake, kwa kuwa zinaweza kuhitajika kukulipa wewe. Benki ndiyo "garnishee", na ukilifuata neno kwa asili yake, benki ni aliyeonywa. Mwanasheria anayelitamka kila wiki huenda hajui kwamba anasema "warn" kwa lafudhi ya Kifaransa.

Kisha geuka utazame Kiswahili chenyewe. Wodi ya hospitali imetoka "ward". Waranti ya polisi imetoka "warrant". Gereji imetoka "garage", lililoingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na magari, nalo limetoka kwenye "garer" ya Kifaransa, kuhifadhi kitu pahali salama. Maneno yote matatu yanarudi kwenye ukoo ule wa ulinzi. Fundi wa gereji, muuguzi wa wodini na askari mwenye waranti wanatumia, bila habari, maneno ya babu mmoja.

Hatua ya 5: Wafukuze jamaa wa uongo

"War", vita, linafanana mno na "warn", na kila darasa huwa na anayesema onyo ni mwana wa vita. Si kweli. "War" limepitia "werre" ya Wanormani kutoka neno la Kifranki lenye maana ya vurugu, mchafuko. "Worn" ni la "wear", kuvaa, halihusiki. Undugu wa maneno hauthibitishwi na sura: sauti zibadilike kwa kanuni inayorudiwa kwenye maneno mengine, na maana iwe na njia ya kupita. Kimojawapo kikikosekana, futa.

Asili haitawali maana ya leo, hilo nalo lishike. Ukiandika kwamba mpishi aliyeweka giligilani "ameionya sahani", utakuwa umechekesha tu.

Hatua ya 6: Chimba na upande wa Kiswahili

Hapa wengi huishia njiani, kana kwamba maneno yetu hayana historia. Chukua onya. Weka pembeni pona na ponya, gawana na gawanya, kana na kanya. Onya ni ona katika kauli ya kutendesha: kumfanya mtu aone. "Warn" na onya havina undugu hata chembe, lakini vyote vimeanzia machoni. Angalizo pia limetoka kwenye kuangalia. Tahadhari ndiyo mgeni, limetoka Kiarabu.

Sasa tazama onya ilivyosogea. Kwenye Mathayo 2:12, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "warned" kwa Mamajusi walioambiwa ndotoni wasimrudie Herode, na Biblia yetu ya Union inasema walionywa. Mamajusi hawakuwa na kosa lolote. Walifunguliwa macho tu. Masikioni mwa watu wengi wa leo, kuonywa kunanukia kosa: mwanafunzi ameonywa, mtumishi amepewa barua ya onyo, onyo la mwisho. "Warn" ya Kiingereza bado inabeba yote mawili kwa uzito sawa. Onya yetu imeelemea upande wa karipio, na ndiyo sababu tafsiri hupwaya.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno, mimi huuliza: kosa limeshatendeka, au hatari ndiyo inakuja?

Kosa likiwa limetendeka, onya na karipia zinafaa, na kanya kama kuna katazo ndani yake. Hatari ikiwa inakuja bila mwenye kosa, tahadharisha hukaa vizuri zaidi. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia mwezi Mei 2024, wavuvi hawakuwa wa kuonywa kama watukutu; walitahadharishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania yenyewe hutumia angalizo na tahadhari kwenye taarifa zake, na mtafsiri anayeandika "onyo la mvua" anaacha maneno ambayo wasikilizaji wameshayazoea. Mzee akimwambia kijana mambo ya mbele yake, asa au usia. Ile "I'm warning you!" ya ugomvini usiitafsiri kwa kitenzi kabisa. Mama wa Kiswahili angesema "Haya, shauri yako!", na kila mtu angeelewa kuna nini.

Hatua ya 7: Rudia kwa jirani zake

Njia ikishakaa kichwani, chukua "caution". Utafika kwenye "cavere" ya Kilatini, kujihadhari, na njiani utaikuta "caveat" inayowekwa kwenye hati za viwanja. Utajua pia kwa nini kadi ya njano, iliyoanza kutumika kwenye Kombe la Dunia la Meksiko mwaka 1970, huitwa "caution" katika sheria za soka, ingawa mtangazaji wetu atasema mchezaji ameonywa, na yuko sahihi.

Baada ya hapo chukua "admonish". Hilo litakupeleka kwenye "monere", kukumbusha na kuonya, na ukitulia utamkuta hapo monita wa darasa, yule aliyekuwa akiandika majina ya wapiga kelele. Chora ukoo wake kwenye ukurasa mpya, usiuchanganye na ule wa "war-".