Kagua takwimu za mtandaoni mara moja kwa wiki
Idadi ya watu waliopenda chapisho lako au kulisambaza inaweza kukuonyesha ni maelezo yapi yaliyowafikia wasomaji, mradi ulinganishe machapisho mengi, si lile moja lililobahatika kusambaa (ingawa binafsi huthamini zaidi maoni matatu yenye hoja). Hatari huanza unapoichungulia kila dakika, kwa kuwa sifa zinazokuja bila mpangilio humfanya mtu arudi tena na tena, na taratibu akaanza kuandika kinachoshangiliwa badala ya kile anachokijua. Zima arifa, kisha utenge siku moja ya wiki kwa ukaguzi huo. Na idadi ikiendelea kukusumbua, ifiche, kwani Instagram imeruhusu jambo hilo tangu mwaka 2021.