Kuanza Matriksi kwa Hesabu za Soko

Mwalimu wa sekondari anayeanzisha mada ya matriksi, yaani namba zilizopangwa katika mistari na safu wima, asikimbilie kanuni ya kuzidisha, bali aanze na jedwali la manunuzi katika soko la Kibuye, Kisumu, ambamo kila mstari ni mnunuzi mmoja, na safu wima mbili ni kilo za mchele na za maharagwe. Kujumlisha majedwali ya siku mbili hakuhitaji maelezo marefu. Kisha aandike bei, tuseme shilingi 150 na 120, katika safu wima moja: mwenye kilo 3 na 2 atadaiwa 3×150 + 2×120, yaani 690, na darasa litakuwa limezidisha matriksi kabla ya kutishwa (bure, kwa maoni yangu) na jina lake. Hapo awaulize kwa nini safu ya bei haiwezi kutangulia jedwali la manunuzi katika kuzidisha huko.