Somo: Kuiona galaksi ya Andromeda kutoka Dodoma

Ndugu zangu, msimu wake ndio huu. Oktoba hadi katikati ya Novemba, mvua zikiwa bado hazijashika, anga letu ni safi na Andromeda, galaksi (kundi kubwa mno la nyota) iliyo nje ya yetu, inapita kaskazini usiku. Mwanga utakaokufikia umesafiri miaka milioni 2.5, na huhitaji chombo chochote kuupokea.

Kwanza, mahali. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwa sisi wa kusini mwa ikweta haifiki utosini. Ikipanda mwisho wake huwa nyuzi 42 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Ukienda upande wa barabara ya Iringa, utakuwa unaitafuta juu ya taa za mji. Shika barabara ya Kondoa, pita Msalato, mji ubaki mgongoni. Usiku uwe hauna mbalamwezi.

Pili, zoesha macho giza dakika 20 hadi 30. Tochi ifungwe kitambaa chekundu, simu zizimwe. Mmoja akiwasha, wote mnaanza upya.

Tatu, katikati ya Novemba, kati ya saa tatu na nusu na saa nne usiku, tazama kaskazini. Juu, kushoto kidogo, nyota nne zimefanya mraba mkubwa ulio karibu mtupu ndani: Mraba wa Pegasus. Anza na kona ya chini kulia, Alpheratz. Teremka kulia, ruka nyota moja hafifu, ufike Mirach, yenye wekundu kidogo. Hapo kata kona: shuka ukielemea kushoto, nyota hafifu ya kwanza, kisha ya pili. Kushoto kwa hiyo ya pili pana kiukungu kirefu.

Usikikodolee. Tazama pembeni yake kidogo, kitajitokeza. Ukikikazia macho kinafifia. Al-Sufi, mnajimu wa Uajemi, alikiandika mwaka 964 kuwa wingu dogo, na ndivyo kinavyoonekana hasa.

MASWALI

*Mwalimu, mbona picha zina mikono iliyojizungusha, mimi nimeona kama moshi tu?*
Umeona kitovu chake. Mikono ni hafifu mno kwa jicho. Kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu. Galaksi nzima ina urefu wa kama miezi mipevu sita iliyopangwa mstari mmoja, nayo imetulalia karibu kiubavu.

*Darubini ya macho mawili, 10x50 (inayokuza mara 10, lenzi za milimita 50), inafaa?*
Inafaa sana. Utaona ukungu unarefuka pande zote mbili.

*Ni kweli itagongana na galaksi yetu?*
Inatujia kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde. Zamani mgongano ulihesabiwa kuwa hauepukiki. Hesabu za mwaka 2025 zinasema uwezekano ni kama nusu kwa nusu ndani ya miaka bilioni 10.

*Niko Singida na nataka kutazama mwanzoni mwa Oktoba.*
Kwako itapanda juu kidogo kuliko Dodoma. Ila subiri hadi karibu saa sita na nusu usiku. Kila wiki mbili zikipita, inawahi kwa kama saa moja.