Nyanya za kaskazi: ondoa majani ya chini

Kwa tulio Pwani na joto hili la kaskazi: mche wa nyanya ukifika magotini, kata majani yote yaliyo chini ya shibiri moja kutoka ardhini, kisha tandaza nyasi kavu. Vimelea vya bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, hukaa udongoni na kwenye mabaki ya mazao. Tone la maji likiruka, huvipandisha kwenye jani. Fanya kazi hiyo umande ukishakauka, saa nne hivi asubuhi, la sivyo mikono yako ndiyo itakayosambaza ugonjwa. Nyasi zisiguse shina, na penye mchwa heri uziache kabisa. Mche ukinyauka ghafla ungali kijani, huenda ni mnyauko wa bakteria. Hapo kupogoa hakusaidii, ng'oa.